Mkimbizi wa Kenya na deni letu la Shimoni



Tangu Raila Odinga aapishwe kuwa Waziri Mkuu wa Kenya tarehe 17 Aprili 2008, kuna maneno nayasikia kila ninapopita hapa Mara. Nimeyasikia sokoni Musoma, nimeyasikia kwenye Hiace ya kwenda Bunda, na kibaya zaidi nimeyasikia kwenye kikao cha vijana wetu wenyewe. Yanasemwa hivi: "Si wameshapatana? Vyeo wameshagawana. Sasa hawa Wakenya waliobaki huku wanasubiri nini? Warudi kwao."

Nataka kuyajibu, kwa sababu hayana msingi wa sheria, hayana utu, na yanasahau historia yetu wenyewe Watanzania. Na nayajibu nikiwa mtu wa upinzani, maana sisi kuliko wengine tunapaswa kukielewa kitu kilichowatoa watu hawa makwao.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 30 Desemba 2007 Tume ya Uchaguzi ya Kenya ilimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na jioni ile ile akaapishwa Ikulu. Siku chache baadaye mwenyekiti wa Tume hiyo, Samuel Kivuitu, akasema hajui kama kweli Kibaki alishinda. Jamani, mwamuzi mwenyewe hajui nani kashinda! Nchi ikawaka. Mpaka Kibaki na Raila wanasaini makubaliano tarehe 28 Februari mbele ya Kofi Annan, watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa na zaidi ya 300,000 wamekimbia nyumba zao. Wengi walibaki humo humo Kenya, kwenye viwanja vya maonyesho, vituo vya polisi na makanisa. Kama 12,000 walivuka kwenda Uganda. Wengine, wachache zaidi, walivuka kuja kwetu.

Waliokuja Mara huwaoni, na hilo ndilo tatizo. Hakuna kambi hapa Musoma. Hakuna mahema ya UNHCR wala foleni ya mahindi ambayo mpiga picha angeenda kuipiga. Mpaka wenyewe tunaujua: Mkurya wa Sirari ana binamu Isebania, Mjaluo wa Shirati ana shangazi Migori, na anayevua ziwani hajawahi kuuona mstari wa mpaka majini. Kwa hiyo aliyevuka aliingia kwa jamaa, au alipanga chumba, au anauza vitu vidogo vidogo apate hela ya kula. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kumsaidia, kwa sababu yuko jirani na wewe. Ni rahisi vile vile kumfukuza, maana hakuna atakayejua.

Sasa tuje kwenye hilo la "wameshapatana". Waliopatana ni wakubwa. Sahihi ya Annan haijaezeka nyumba ya mtu bati. Kama shamba lako la Molo limechukuliwa na jirani aliyekuchomea nyumba, na jirani huyo bado yupo anakusubiri, kuapishwa kwa mawaziri Nairobi kunakusaidia nini wewe? Mkenya mmoja, mama wa watoto wanne, aliniambia maneno machache tu nilipomuuliza atarudi lini: "Dada, waliotufukuza si wabunge. Ni majirani."

Sheria yetu inamwelewa mama huyu kuliko sisi. Nasoma sheria, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Mwaka 1969 nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilisaini Addis Ababa mkataba wa wakimbizi wa Afrika. Mkataba wa kimataifa wa 1951 ulimtazama zaidi mtu anayeteswa kwa rangi yake, dini yake au siasa zake. Waafrika wakaongeza kwamba hata aliyekimbia kwa sababu amani ya nchi au ya sehemu anayoishi imevurugika vibaya, naye ni mkimbizi. Sheria yetu ya Wakimbizi Na. 9 ya 1998 imeyachukua maneno hayo katika kifungu cha 4. Mkataba ule unasema pia mambo mawili ambayo kila mtendaji wa kijiji Mara angepaswa kuyajua. La kwanza, kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kiutu, kwa hiyo nchi aliyotoka haipaswi kuliona kama uadui. La pili, mkimbizi harudishwi kwao kwa nguvu. Anarudi kwa hiari yake, siku anayoona yeye mwenyewe kwamba kuko salama. Hiari ni yake, si ya mwenye nyumba, si ya mwenyekiti wa mtaa, wala si ya sisi tuliochoka kumwona.

Na Katiba? Fungueni ibara ya 12, ya 13 na ya 14. Zinapozungumzia utu, usawa mbele ya sheria na haki ya kuishi, neno linalotumika ni "mtu". Halikuwekwa "raia". Waandishi walipotaka kusema raia walisema raia, kama kwenye ibara ya 17 inayohusu uhuru wa kwenda utakako. Kwa hiyo Mkenya aliyelala leo Nyasho au Mwigobero bila karatasi yoyote mkononi, Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamtambua.

Hapo ni sheria. Kuna jambo lingine linanisumbua zaidi ya sheria, nalo ni swali tunalomuuliza mgeni akifika.

Swali lenyewe mnalijua: "Wewe kabila gani?" Januari 2008 Mkenya alikuwa akishuka stendi, kabla hajapewa hata maji ya kunywa, anaulizwa hilo. Akijibu Mjaluo, huyu anamkumbatia na yule ananuna. Akijibu Mkikuyu, kinyume chake. Stendi ya Bunda nilimkuta mzee mmoja akibishana na wapiga debe juu ya jambo hilo. Nilimwamkia, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu, "Binti yangu, hawa vijana wanataka kutuletea ugomvi ambao hata nauli hawakuulipia." Mzee yule alikuwa amemaliza kila kitu.

Na hapa tuseme ukweli sisi wa upinzani. Wengi wetu tulikuwa upande wa ODM, kwa sababu tunajua kuibiwa kura kunaumaje. Mimi pia, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini kura iliyoibiwa haimpi mtu ruhusa ya kuchoma kanisa. Siku ya Mwaka Mpya, Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa moto humo, wengi wao Wakikuyu, wanawake na watoto. Mwisho wa Januari kule Naivasha, familia za Kijaluo nazo zilichomwa ndani ya nyumba. Kisumu, mji tunaochangia nao ziwa, vijana walipigwa risasi na polisi wa serikali yao. Atakayewalilia wa Kisumu na kunyamazia wa Kiambaa, huyo halilii haki. Analilia kabila lake, au kabila analolipenda. Mama Mkikuyu aliyekimbilia Musoma hakuiba kura ya mtu. Mvuvi Mjaluo aliyekimbilia Musoma hakuchoma kanisa la mtu. Wote wawili wamefika kwetu wakiwa na njaa ile ile.

Kuna wanaonijibu kwamba wasiwasi wangu ni wa bure, eti sisi Watanzania hatuna ukabila, tumezaliwa hivyo. Hakuna aliyezaliwa hivyo. Hapa Mara tuko Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wajaluo, Wangoreme, Wakwaya, Wasukuma na wengine ambao nikianza kuwataja wote sitamaliza leo. Tarime tumeona koo za Wakurya zikipigania ardhi na ng'ombe, watu wa lugha moja na mila moja wakichomeana nyumba na kukimbia vijiji. Tuache kujidanganya kwamba damu yetu ni tofauti na ya Wakenya.

Kilicho tofauti ni kazi iliyofanyika. Nendeni Butiama mkaangalie. Mwalimu alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, kabila dogo kabisa. Serikali yake ndiyo iliyofuta utawala wa machifu mwaka 1963, na uchifu wa nyumbani kwake ukaenda na mingine yote. Kiswahili kikawekwa mashuleni na maofisini. Mwalimu wa shule alitoka Mbeya akapangiwa Musoma, mtoto wa Bunda akapelekwa kusoma Tanga, vijana wa kila kona wakalala bweni moja JKT. Mengine katika sera za wakati ule nayapinga, na kwenye ukurasa huu tumeshayajadili sana. Lakini hili lilifanya kazi, na lilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na watu waliolisimamia kila siku. Kitu kilichojengwa na watu, watu wanaweza kukibomoa. Swali la kabila pale stendi ni kubomoa, hata likiulizwa kwa utani.

Kuhusu wakimbizi pia tusijisifu kupita kiasi. Ni kweli, Mwalimu alipewa tuzo ya Nansen ya mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Ni kweli, Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakajilisha, na mwaka 2008 serikali ilikuwa inazungumza habari ya kuwapa uraia, jambo ambalo nalipongeza hata kama limefanywa na CCM. Mwisho wa Aprili 1994 Ngara ilipokea Wanyarwanda kama 250,000 ndani ya saa 24. Lakini ni serikali hii hii iliyofunga mpaka na Burundi Machi 1995. Na Desemba 1996 Wanyarwanda walipewa hadi mwisho wa mwezi wawe wameondoka, na waliojaribu kukimbilia upande mwingine wakakutana na askari. Ukarimu wetu unategemea nani yuko madarakani na amechoka kiasi gani. Ndiyo maana mimi napenda mkimbizi alindwe na sheria, asiachiwe huruma peke yake.

Sasa nifike kwenye deni.

Watanzania tumezoea kujiona sisi ni nchi ya kupokea. Wakimbizi ni wale, wenyeji ni sisi. Lakini tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi walifyatulia risasi waandamanaji wa CUF Unguja na Pemba. Watu wale walikuwa wanadai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe na Katiba ibadilishwe. Makumi walikufa. Na zaidi ya 2,000 waliingia kwenye mashua, wakavuka bahari mpaka Shimoni, kusini mwa Mombasa. Kwa mara ya kwanza Tanzania huru ilitoa wakimbizi, na nchi iliyowapokea ilikuwa Kenya.

Fikirini kidogo. Wavuvi na familia za Shimoni walikuta asubuhi Wapemba ufukweni kwao, mtu ana nguo aliyovaa tu. Wangeweza kuuliza, "Nyie si nchi ya amani? Rais wenu si ameshaapishwa? Rudini kwenu." Rais alikuwa ameshaapishwa kweli, miezi kadhaa nyuma. Walipokelewa, wakaandikishwa, wengine baadaye wakapelekwa Dadaab. Kwa hiyo leo Mkenya akibisha hodi Musoma, anabisha kwa mdeni wake. Na deni halilipwi kwa kumwambia mwenye mali kwamba muda wake umekwisha.

Katika habari hizi mbili, ya 2001 na ya 2008, kuna kitu kimoja kinachofanana. Hakuna aliyeamka asubuhi akachoma nyumba kwa sababu ya lugha ya jirani. Palikuwa na uchaguzi usioaminika na tume isiyoaminika, na hapakuwa na mlango wa kwenda kulalamika ukasikilizwa. Kenya, Kibaki aliteua makamishna wapya wa Tume mwanzoni mwa 2007 bila kukubaliana na wapinzani, kinyume na maelewano ya 1997. Upinzani ulipoibiwa ukasema hauendi mahakamani kwa sababu hauna imani na mahakama. Hapo siasa ikahamia barabarani, na barabarani kabila ndiyo silaha iliyo karibu.

Na sisi? Ibara ya 74 ya Katiba yetu inampa Rais, ambaye ni mwenyekiti wa chama kimoja kinachoshindana, mamlaka ya kuteua wajumbe wa Tume ya Uchaguzi. Ibara ya 41(7) inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yoyote inayoruhusiwa kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mkenya alikuwa na mlango wa mahakama asiouamini. Sisi mlango wenyewe umejengewa ukuta. Halafu tunakaa kwenye vijiwe tunasema yale hayawezi kutokea hapa. Yalishatokea Pemba.

Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikuja kukutana Butiama, nyumbani kwa Mwalimu. Jambo kubwa mezani lilikuwa mazungumzo ya CCM na CUF kuhusu kugawana madaraka Zanzibar. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Rais Kikwete, kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwa Nairobi akiwasukuma Kibaki na Raila wagawane madaraka, na akafanikiwa. Nampa heshima yake kwa hilo. Rais mstaafu Mkapa naye alikaa na Annan na Graça Machel kwenye jopo la usuluhishi, huyo huyo aliyekuwa Ikulu wakati wa risasi za Januari 2001. Kwa Wakenya walijua la kufanya. Waliporudi nyumbani, Butiama, jibu likawa kwanza iitishwe kura ya maoni, na mazungumzo yakakwama. Kwa nini dawa tunayompa jirani hatuinywi wenyewe?

Nayaeleza haya kwa sababu msaada wa blanketi na msaada wa Katiba, kwangu mimi, ni kazi moja. Anayempa mkimbizi unga leo na kunyamazia tume ya uchaguzi kesho, anaandaa mkimbizi mwingine.

Basi tufanye nini, sisi vijana wa Musoma, Bunda na Butiama? Napendekeza mambo ambayo hayahitaji bajeti ya chama.

Kwanza, karatasi. Sheria ya 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Wengi siku hizo zimewapita, na si ajabu mtu akaogopa, maana sheria hiyo hiyo inaweza kumtaka mkimbizi akaishi eneo lililotengwa, na wao wamesikia habari za makambi ya Kigoma. Lakini asiye na karatasi yoyote, siku ya msako anaitwa mhamiaji haramu. Kwa hiyo asiende peke yake. Tumsindikize, na kabla ya kwenda tutafute ushauri kwa wasaidizi wa kisheria au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Sisi tunaosoma sheria tujitolee wakati wa likizo.

Pili, watoto. Shule za msingi hazina ada tangu 2002, lakini mtoto aliyekimbia hana barua ya uhamisho, na shule aliyotoka huenda imeungua. Tuzungumze na walimu wakuu na kamati za shule wasing'ang'anie barua. Na kumbukeni kwamba mtoto wa Kenya alikuwa akijifunza hisabati kwa Kiingereza. Akikwama hapa si mjinga. Kijana wa kidato cha nne anaweza kukaa naye saa moja jioni akamfundisha maneno.

Tatu, makanisa na misikiti. Mennonite, Katoliki, Anglikana, Waadventista na Waislamu wote wanao waumini pande zote za mpaka. Tuwaombe viongozi wa dini walitaje jambo hili kwenye ibada, na michango ikikusanywa igawiwe kwa kuangalia mahitaji, bila daftari la makabila.

Nne, midomo yetu. Meseji za simu za kuwatukana Wakikuyu au Wajaluo zilizagaa sana Kenya, na zimeshavuka mpaka. Ikifika kwenye simu yako, ifute. Usiitume mbele hata kwa kicheko. Na mwanachama wetu atakayepanda jukwaani kutafuta kura kwa kumtaja jirani kabila, tumshushe sisi wenyewe kabla CCM hawajatusema.

Tano, madai. Kila mkutano wa vijana kuanzia sasa uwe na azimio la tume huru ya uchaguzi na kufutwa kwa ibara ya 41(7). Liandikwe, lipelekwe kwa mkuu wa wilaya, nakala ibaki kwetu.

Kuna watakaorudi Kenya mwezi ujao kwa furaha, na tutawasindikiza mpaka Sirari. Kuna watakaorudi baada ya mwaka. Kuna ambao hawatarudi kabisa, wataoa hapa, wataolewa hapa, na watoto wao watakuwa Watanzania wanaosema Kijita. Lipi litatokea ni juu yao. Kilicho juu yetu ni kwamba wakati wote watakaokuwa hapa, asiwepo hata mmoja wa kusema kwamba Musoma aliulizwa kabila kabla ya kupewa kiti.